Kulitazama Ziwa Rukwa kutoka Milima ya Mbizi

Kila mwaka, mara mvua zinapokwisha na barabara kuanza kukauka, ofisi yetu hupokea wageni. Baadhi yao ni wafadhili wanaotoka ng'ambo, na wengine ni kamati za parokia rafiki za mikoa ya jirani. Wageni hawa hukagua matenki ya maji, huhesabu mabati ya zahanati, hukaa vikao virefu na kula ugali wa ulezi. Halafu siku moja kabla ya kuondoka, hakosekani mmoja wa kuuliza: je, tunaweza kwenda kuliona ziwa?

Swali hilo tumelijibu mara nyingi kwa mdomo, na lazima tukiri kwamba majibu yetu hayakufanana. Wapo walioambiwa ziwa liko karibu, wakabeba taulo na nguo za kuogelea. Wapo walioambiwa haiwezekani kabisa, wakarudi kwao wakiwa wamekaa Sumbawanga siku tisa bila kuona chochote zaidi ya ukumbi wa mikutano. Katika toleo hili tumeona tulieleze jambo hili vizuri: ziwa lipi linaonekana kwa safari ya siku moja ya miguu, njia ikoje, mtu anatazama nini akifika, na kwa nini ofisi ya maendeleo inajishughulisha na jambo linalofanana na matembezi ya sikukuu.

Kwanza tuelewe tulipo. Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa katikati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki, chini kabisa katika Bonde la Ufa, kuna Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Kati ya mji na ziwa imesimama milima ya Mbizi, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,400. Kwa hiyo anayetaka kwenda ziwani kwa miguu ni lazima kwanza apande, ndipo ateremke zaidi ya mita 1,500, na baada ya kuteremka bado ana mwendo mrefu kuvuka bonde lenye joto hadi penye maji. Hakuna kamati ya parokia iliyokwenda na kurudi kwa siku moja, wala tusiahidi hivyo kwa mgeni. Kinachowezekana ni kupanda Mbizi hadi kwenye ukingo, kulitazama ziwa kutoka juu, kula, na kurudi kabla ya giza. Ni ziwa la kuonwa, si la kuoga. Na hata angefika majini, Rukwa ina mamba na viboko, basi taulo ibaki nyumbani.

Tunajua kwamba wageni wengi huja wakiwa wamesikia habari za Ngosi, lile ziwa la kreta katika Wilaya ya Rungwe, ambako mtu hupanda msituni kwa saa chache na kulikuta ziwa la kijani chini ya miguu yake. Wengine wamesikia habari za Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Yote mawili ni mazuri na tunawashauri wageni wenye muda wayatembelee. Lakini huko kuna watalii wengi, kuna taratibu zilizokwisha kuzoeleka, na siku za sikukuu kuna vijana na redio zao. Mbizi haijafika huko. Hilo ni jema, na pia ni hatari yake, kama tutakavyoeleza.

Njia yenyewe

Tunaondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi. Tunasisitiza saa hiyo kwa sababu maalumu. Parokia zetu zina ukarimu mkubwa, na ukarimu huo huanza kwa chai, hufuatiwa na nyimbo za watoto, risala na utambulisho wa kila mjumbe wa kila kigango. Mwaka mmoja utambulisho ulikwisha saa tano. Tulifika ukingoni saa tisa alasiri, bonde limejaa ukungu wa moshi, na wageni wakapiga picha za weupe mtupu. Tangu siku hiyo tunaomba nyimbo ziimbwe jioni, baada ya kurudi.

Gari hutufikisha kwenye vijiji vya miguuni mwa mlima, na kutoka hapo tunatembea. Sehemu ya kwanza ni mashamba, na mgeni anayetazama vizuri ataona jambo ambalo limewavutia wataalamu wa kilimo tangu zamani: vilima vidogo vya udongo vya mviringo, vimepangwa shamba zima. Hizo ndizo ntumba. Mfipa hakati nyasi na kuzichoma. Wakati wa mvua huzikusanya, huzigeuza chini na kuzifunika kwa udongo ili zioze na kuwa mbolea. Juu yake hupanda maharage, na msimu unaofuata hutawanya ule udongo uliorutubika na kupanda ulezi. Ni mboji iliyofanywa na mababu kabla bwana shamba yeyote hajaja kufundisha semina ya mboji. Tumewahi kuandika andiko la mradi wa kufundisha mboji Ufipa, na mzee mmoja wa kamati alitusomea andiko hilo kwa sauti, polepole, huku akitutazama kila baada ya sentensi. Mradi huo haukuendelea.

Baada ya mashamba kuna mikaratusi na misindano iliyopandwa, kisha nyasi fupi za mlimani. Hapa upepo ni mkali, na mwezi wa sita na wa saba baridi huingia hadi kwenye mifupa. Wageni wa kutoka ng'ambo husema Afrika haina baridi, halafu huazima makoti yetu. Ndipo unapofika msitu wenyewe. Usitegemee msitu mmoja mpana kama wa Kongo. Msitu wa Mbizi umebaki kwa vipande, umejikunja katika mabonde na miteremko ambako unyevu hukaa na moto haufiki kwa urahisi, na katikati ya kipande na kipande ni nyasi. Uko katika hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kikundi chochote ni lazima kipate kwanza idhini yao mjini na kutembea na mwenyeji anayejua njia.

Katika vipande hivyo wanaishi mbega wekundu. Ndugu zao wanapatikana Gombe, Mahale na hata Kibale nchini Uganda, lakini hawa wa Ufipa wamekatwa na ndugu zao kwa nyasi na mashamba, hawana pa kwenda msitu ukiisha. Ukiwa na bahati na kikundi kikanyamaza, utawaona wakirukaruka juu ya miti, mkia ukining'inia. Kikundi cha kamati ya parokia, kwa uzoefu wetu, hakinyamazi.

Kwa mwendo wetu, wenye wazee na mapumziko mengi, tunafika ukingoni baada ya saa tatu hivi.

Kinachoonekana

Ardhi inakatika ghafla. Unasimama kwenye nyasi, na mbele yako hakuna kitu ila hewa, na chini sana kuna bonde la rangi ya majani makavu, na ng'ambo ya bonde hilo kuna mstari mrefu wa fedha. Huo mstari ndio Ziwa Rukwa. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson aliliona ziwa hili kutoka juu ya milima na kulipa jina la Leopold. Jina hilo halikudumu, kwa kuwa ziwa lilikuwa na jina lake tayari.

Genge hili refu, ambalo wenyeji huliita Lyamba lya Mfipa, ni ukuta wa Bonde la Ufa. Kwa mamilioni ya miaka ardhi ya upande wa mashariki imekuwa ikizama na uwanda wetu ukibaki juu. Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani, eneo hili la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Tunawakumbusha hilo wanakamati wanaotaka kupunguza nondo katika makisio ya ujenzi wa madarasa.

Ziwa lenyewe ni la ajabu. Halina mto unaotoka. Mito kama Songwe, Momba, Kavuu na Rungwa inaingia, na maji huondoka kwa njia moja tu, nayo ni kukauka juani. Kwa sababu hiyo maji yake ni ya magadi. Tena ziwa ni la kina kifupi na pwani zake ni tambarare, hivyo maji yakipungua kidogo tu, ziwa hukimbia kilomita nyingi, na yakiongezeka kidogo hufuata mashamba na kambi za wavuvi. Katika karne ya ishirini kulikuwa na miaka ambayo sehemu kubwa ya ziwa ilikuwa nchi kavu, na miaka mingine likajaa kiasi cha kufunika vijiji. Wazee wa bondeni hawaulizani ziwa liko wapi, huulizana mwaka huu liko wapi.

Zile mbuga za nyasi zinazobaki ziwa linaporudi nyuma zina historia ambayo wageni wachache wanaijua. Ni moja ya mazalia ya nzige wekundu. Baa kubwa la nzige lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 na kudumu hadi katikati ya miaka ya 1940 lilitokana na makundi ya mazalia kama haya ya Rukwa na Mweru wa Ntipa nchini Zambia, na likaenea sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta. Kwa ajili hiyo serikali za kikoloni zilianzisha mwaka 1949 shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Kazi hiyo sasa inafanywa na shirika la nchi kadhaa lenye makao Ndola. Mtu anayesimama Mbizi akiona bonde tupu lisilo na maana kwa mkulima wa mbali, ajue kwamba shamba la mtu wa Malawi au Zimbabwe linaweza kutegemea mtu anayekagua nyasi hizo.

Kwa mkulima wa karibu bonde si tupu hata kidogo. Kuna mpunga wa Muze na Mtowisa, kuna ng'ombe wengi walioletwa na wafugaji wa Kisukuma kwa miongo kadhaa sasa, kuna wavuvi wa magege na kambale. Tangu mwaka 2016, ilipotangazwa kwamba kuna gesi ya heli chini ya Bonde la Rukwa, kuna pia wachimbaji wa visima vya utafiti. Na wote hao wanaishi chini ya mlima tuliosimama juu yake.

Kwa nini tunapanda

Hapa tunaomba uvumilivu wa wafadhili, maana baadhi yao wametuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini katika hesabu za mradi wa maji kuna mstari wa "ziara ya mlimani kwa wanakamati."

Miaka iliyopita tulijenga mradi wa maji ya mserereko katika mojawapo ya parokia zilizo miguuni mwa milima. Chanzo kilikuwa chemchemi nzuri. Tukajenga chujio, tenki na vituo vya kuchotea, tukafunga sherehe, tukapiga picha ya akina mama na ndoo. Mwaka wa pili kiangazi bomba likatoa uzi. Tukadhani ni mabomba. Tukatafuta palipovuja, tukabadilisha koki, tukaomba nyongeza ya fedha, tukapewa. Kiangazi kilichofuata uzi ule ule.

Ni mama mmoja wa kamati ya maji, kama zilivyoitwa wakati huo, aliyeuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kupanda juu ya chemchemi. Hakuna aliyewahi. Mhandisi alipima kutoka chanzo kwenda chini, nasi tulichora ramani kutoka chanzo kwenda chini, na bango la mradi lilisimama chini. Tulipopanda tulikuta kipande cha msitu kilichokuwa juu ya chemchemi kimepita moto mara kadhaa, kando yake pana tanuri za mkaa, na mashamba ya mahindi yanapanda mteremko. Waliolima hapo hawakuwa watu wabaya, walikuwa waumini wetu wenyewe wa kigango cha jirani. Ardhi ya chini imegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi haitoshi kulima ntumba na kupumzisha shamba.

Msitu wa mlimani hufanya kazi ambayo tenki haliwezi. Mvua ikinyesha juu ya miti na majani yaliyooza, maji huingia ardhini taratibu na kutoka chemchemi miezi mingi baadaye, wakati wa kiangazi. Ikinyesha juu ya udongo uliochomwa, hushuka siku hiyo hiyo. Kwa upande wetu wa uwanda hiyo ni bomba kukauka mwezi wa tisa. Kwa upande wa bondeni ni mafuriko mwezi wa pili, kivuko kilichochukuliwa na maji na mchanga juu ya mpunga. Na mchanga huo mwishowe hufika katika ziwa ambalo ni la kina kifupi na halina pa kutolea. Parokia za juu na za chini zilikuwa zikituandikia barua mbili tofauti kuhusu tatizo moja, na sisi tulikuwa tukizifungua katika majalada mawili.

Tangu wakati huo hatupokei andiko la mradi wa maji wa upande huo kabla kamati haijapanda. Na tunawaalika pia wajumbe wa parokia za bondeni, ambao kwao safari ni ngumu zaidi kwa sababu wanapanda genge lenyewe. Wakikutana ukingoni, wa juu na wa chini, mazungumzo huwa si yale ya ukumbini. Mara ya kwanza yalikuwa makali. Mjumbe wa bondeni alimwonyesha mwenzake wa uwandani korongo jekundu lililochanika ubavuni mwa mlima na kumwuliza ni shamba la nani. Lilikuwa la shemeji yake.

Suala la watalii

Sasa vijana wa parokia mbili wamependekeza njia hii iwe ya utalii kamili: bango mjini, banda la kuuzia soda ukingoni, pikipiki za kuwafikisha wageni juu. Wanasema Kalambo inaingiza fedha na Ngosi inaingiza fedha, kwa nini Mbizi ibaki maskini. Hoja yao si ya kupuuzwa. Kijana anayelipwa kuongoza wageni hana haja ya kuchoma mkaa, na tumeona mabadiliko hayo kwa macho yetu kwa wachache wanaotuongoza. Barabara ya lami kutoka Tunduma imekwisha fika Sumbawanga, kwa hiyo wageni wataongezeka tupende tusipende.

Wazee wana hofu, na sisi kwa sehemu tuko nao. Pikipiki kwenye nyasi za mlimani huchimba njia, na njia hiyo huwa korongo mvua zikija. Moto mwingi huanza kwa mtu mmoja aliyepika au kuvuta sigara akaondoka. Chupa za plastiki tulizookota ziara iliyopita zilijaza kiroba, na hapo wageni bado ni wachache. Zaidi ya yote, hakuna makubaliano ya nani atapokea nini. Msitu ni wa serikali, vijiji ni kadhaa, na fedha isiyo na utaratibu tumeiona ikivunja vikundi vilivyokuwa imara. Maoni yetu ni kwamba banda la soda lisubiri, pikipiki ziishie kijijini, na kwanza vijiji vikae na watu wa misitu waandike makubaliano, hata ya ukurasa mmoja. Vijana wametujibu kwamba makubaliano ya ukurasa mmoja huchukua miaka mitatu. Kikao kijacho ni baada ya mavuno, na tumekubali wao ndio waandike agenda.

Kwa wanaotaka kupanda mwaka huu: miezi mizuri ni wa tano na wa sita, wakati mvua zimekwisha na hewa bado ni safi. Kuanzia mwezi wa nane moshi wa mioto ya nyika hufunika bonde na ziwa halionekani. Kamati zitume majina ofisini mwezi mmoja kabla, wasizidi kumi na watano kwa kikundi, ili tupate muda wa kuomba idhini. Kila mtu abebe lita mbili za maji, chakula kisichohitaji moto, sweta na viatu vilivyokwisha zoeleka mguuni. Posho ya mwongoza njia hulipwa mkononi mwake, siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Na mifuko mitupu mitatu au minne, kwa ajili ya kurudi na chupa tutakazozikuta.